Msomaji wa Alhamisi

Kwa miaka kama tisa tulikuwa na mtu mmoja wa kutusomea, na hatukuwahi kumwita kwa jina lake. Tulimwita Msomaji. Naye aliitika kana kwamba ndilo lililoandikwa kwenye kitambulisho chake. Kwao ni wapi na wazazi wake walikuwa nani, sikuwahi kujua. Alichotuambia ni kwamba alikuwa karani na mkalimani wa mahakama mpaka akastaafu, na hata hilo alilisema mara moja tu, siku ya kwanza, kama shahidi anayejibu swali aliloulizwa na si zaidi.

Shirika letu ni dogo. Ni nyumba moja ya zamani ya baraza la mji huku Bondeni, vyumba viwili na veranda, na nje kuna tangi la maji na benchi. Wasioona na wenye uoni hafifu wanakuja kutoka kila upande wa Nakuru, wengine kujifunza kutembea na fimbo nyeupe, wengine kusoma breli, wengine kutafuta mtu wa kuwapeleka kliniki ya macho, na wengine kukaa tu na wenzao. Mimi nilifika pale nikiwa na miaka thelathini na minne, presha ya macho imeshamaliza jicho la pili. Nilifundishwa kufuma sweta kwa mashine, na mpaka leo nafuma sweta za shule. Alhamisi ilikuwa siku ya kusomewa. Kila mtu alibeba karatasi zake za wiki: barua, fomu ya hospitali, ripoti ya mtoto, boksi la dawa, hata simu yenye ujumbe ambao hakutaka majirani wausome. Tuliketi kwenye veranda, na Msomaji alituchukua mmoja mmoja, aliyetangulia kufika akitangulia kusomewa.

Sauti yake ilikuwa kavu, ya kiasi, isiyopanda wala kushuka. Kabla ya kusoma alisema, "Naanza." Akimaliza alisema, "Nimemaliza. Ni yako," na karatasi ikarudi mkononi mwako. Kati ya maneno hayo mawili hakuweka chochote chake. Kijana mmoja wa Rhonda aliyeitwa Kiptoo alikuwa na msichana Salgaa, mpishi wa hoteli ya madereva wa malori, na msichana huyo alimtumia ujumbe mrefu mrefu. Siku moja Kiptoo akampa Msomaji simu mbele yetu sote.

"Niaje, mzee. Nisomee hii, lakini pole pole."

"Salama. Naanza. 'Beb, nimekumiss mpaka chapati zinaungua.' Alama za mshangao, tatu. Halafu kuna picha ya moyo, mwekundu. Picha nyingine ya moyo, umepasuka. Nimemaliza. Ni yako."

Veranda nzima ilicheka mpaka mama mmoja akamwaga chai. Kiptoo akasema, "Mzee, si ungeweka kafeeling kidogo?"

"Hisia ziko ndani ya maneno," Msomaji akamjibu. "Kama hazimo, mimi sitaziweka."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na tulimpenda kwa hilo. Wasomaji wengine niliowahi kuwa nao, dada zangu wa kwaya, jirani, hata nesi, walikuwa na tabia ya kusoma kimya kwanza, kisha kunieleza kwa kifupi. "Wanasema urudi mwezi ujao." Wanasema nini kingine? "Ni hayo tu." Mtu anayeona hajui jinsi inavyouma kuambiwa ni hayo tu. Msomaji alisoma yote. Alisoma anwani, alisoma maandishi madogo ya chini, alikuambia kama karatasi imechanika. Mama mmoja aliandikiwa na mwanaume aliyekuwa ameachana naye, na Msomaji akamsomea hivi: "Hapa ameandika 'mpenzi', akalikata, akaandika 'rafiki'. Lililokatwa bado linasomeka." Yule mama alilia, lakini aliniambia baadaye kwamba lile neno lililokatwa ndilo lililomfaa kuliko barua yote.

Kabla ya kufungua karatasi alikuuliza, "Hapa au kwenye benchi?" Ukisema benchi, mlitoka, mkaketi kando ya tangi, naye aliipa barabara mgongo ili mtu asiyasome maneno kwenye midomo yake. Hilo la midomo niliambiwa na mwenzangu mwenye uoni kidogo. Huyohuyo ndiye aliyeniambia kwamba Msomaji ni mfupi, tena mwenye kichwa kikubwa, na nilibishana naye wiki nzima, maana kwa sauti ile nilikuwa nimemfanya mrefu na mwembamba, na suti ya kijivu juu. Suti kweli alivaa. Ilikuwa na harufu ya kabati na dawa ya kuchua viungo.

Alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Umbea hakutaka kuusikia, ukianza kumwambia habari za fulani, alikukatiza kwa "Hayo si yangu." Lakini akimaliza kazi alifungua gazeti kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo na kutusomea moja baada ya jingine, na hapo ndipo pekee sauti yake ilipochangamka. "Huyu ameacha wake wawili na hawakuandikwa kwenye mstari mmoja," angesema, na tulijua amefurahi. Alikataa mandazi kila Alhamisi, akisema daktari amemkataza, na kila Alhamisi sahani iliyowekwa upande wake ilipungua. Alituheshimu sana, lakini alituogopa kidogo pia. Miaka yote ile hakuwahi kumshika mtu mkono kumwongoza. Alisimama mbali na kusema, "Hatua mbili mbele, sasa kulia, kuna ngazi moja," kama mtu anayeegesha lori. Na hakuwahi kumwuliza mmoja wetu kutoona kukoje. Wageni wa shirika huuliza hilo kabla hata chai haijapoa. Yeye hakuuliza kamwe, na kwangu hiyo ilikuwa adabu kubwa kuliko ya kushikwa mkono.

Nilimsikia akikasirika mara moja. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kaptembwo, mjane, anayekaa kwenye ploti aliyoachiwa na mume wake. Mpwa wake alimleta Alhamisi moja, ana haraka, ana karatasi na kidau cha wino, akasema ni fomu ya msaada wa wazee, inatakiwa alama ya kidole tu, na wamekuja hapa kwa sababu inahitaji shahidi. Msomaji akanyoosha mkono aipokee.

"Boss, hiyo haina haja ya kusomwa," mpwa akasema. "Ni fomu ya kawaida."

"Kama haina haja ya kusomwa, haina haja ya kutiwa kidole," Msomaji akasema. Akamgeukia bibi. "Mama, nisome?"

"Soma, mwanangu."

Akasoma kurasa zote tatu, polepole, bila kuruka hata nambari. Kufikia ukurasa wa pili kila mtu kwenye veranda alikuwa ameelewa kwamba ilikuwa karatasi ya kuhamisha ploti. Mpwa alijaribu kuongea mara mbili, na mara mbili Msomaji alinyamaza, akamngoja amalize, akaanza sentensi upya tangu mwanzo. Alipofika mwisho alisema, "Nimemaliza. Ni yako, mama." Sauti ileile. Bibi aliikunja ile karatasi, akaiweka kifuani, akamwambia mpwa wake atangulie nyumbani. Lakini tulipobaki sisi, nilisikia Msomaji akipiga meza kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu, kisha akaomba msamaha kwa meza kuyumba.

Mtu kama huyo ndiye niliyempa barua ya dada yangu.

Inanibidi nieleze kidogo. Nina dada mmoja, mkubwa wangu, aliyekuwa ameolewa Elburgon. Macho yangu yalipoanza kwenda nilikuwa nakaa kwake, na sikumwambia mtu. Nilikuwa nikihesabu hatua, nikipapasa, nikijifanya nimechoka. Siku moja aliniachia mtoto wake wa miaka miwili akaenda sokoni. Niliweka sufuria ya uji mezani nikidhani mtoto yuko mlangoni, kumbe yuko chini ya mkono wangu. Uji ulimwagika kwenye mkono wake wa kulia, kutoka bega hadi vidole. Hakufa. Alilazwa muda mrefu. Dada yangu hakunigombeza. Alinifungia nguo zangu kwenye begi, akanipeleka barabarani, na kwa miaka kumi na moja hatukuongea.

Kisha barua ikaja, imeletwa mkononi na mtu wa kanisa lao. Nilichagua benchi. Msomaji akasema anaanza, na akanisomea haya, ambayo niliyashika kwa moyo siku ileile:

"Mdogo wangu. Sikulaumu tena. Nilijua macho yako yanakwenda. Nilikuona ukipapasa meza ukitafuta kikombe kilichokuwa mbele yako, na bado nikakuachia mtoto na uji wa moto, kwa sababu kukubali kwamba huoni kulinishinda mimi kuliko wewe. Mkono wa mtoto ulipona. Anaandika nao, anaosha nao vyombo, na akikasirika anapiga nao ndugu zake. Nimekuandikia kwa sababu kwa simu ningelia. Njoo mvua ikipungua."

Akaongeza, "Hapa mwisho kuna doa, nadhani ni maji. Nimemaliza. Ni yako." Na akakaa. Alhamisi nyingine zote alisimama mara moja kumwita anayefuata. Siku hiyo alikaa kwenye benchi mpaka nikamaliza kujifuta uso, na watu walingoja.

Mvua haikupungua haraka mwaka ule. Dada yangu alikuwa mgonjwa, na hilo hakuliandika. Nilifika Elburgon siku ya mazishi yake. Barua ile ikawa ndiyo neno pekee nililobaki nalo kutoka kwake, na niliiweka chini kabisa ya sanduku langu, ndani ya kitambaa.

Kulikuwa pia na mzee fundi viatu wa hapa hapa Bondeni, asiyeona kabisa, aliyekuwa na mtoto wa kiume aliyepotelea mbali. Mtoto huyo naye aliandika, mara moja. Msomaji alimsomea mzee kwenye benchi, na mzee akarudi verandani akitangaza kwamba kijana wake yuko salama, ana kazi, atakuja akipata nafasi. Kwa miaka miwili aliirudia ile barua kwa kila mtu aliyeleta kiatu. Alikufa akiwa bado anamngoja, na kwa kweli alikufa na furaha.

Wiki chache baada ya mazishi, binti yake alikuja verandani Alhamisi. Alikuwa ameikuta barua kwenye Biblia ya baba yake. Hakuwa na hasira, alikuwa na sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri.

"Nataka tu kujua," akamwambia Msomaji. "Baba alikuwa akitwambia barua hii inasema kaka atakuja. Mimi nimeisoma. Inasema, 'Usinitafute tena, nimeanza maisha yangu.' Wewe ulimsomea nini?"

Nilisikia Msomaji akivua miwani.

"Nilimsomea kisichoandikwa," akasema.

Binti akashusha pumzi. Alisema asante. Sijui kama alimaanisha, nadhani alimaanisha. Akaondoka. Na sisi tuliobaki, kila mmoja alianza kurudi kwenye karatasi zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, akijiuliza.

Mimi nilirudi kwenye moja tu. Maneno ya dada yangu niliyokuwa nikiyanywa kama dawa yakageuka machungu mdomoni. Dada yangu aliacha shule darasa la saba. Angewezaje kuandika "kulinishinda mimi kuliko wewe"? Hiyo ilikuwa lugha ya mtu wa kortini. Na kwa nini alikaa kwenye benchi siku ile, yeye asiyekaa? Nilisimama palepale.

"Na yangu?" nikauliza. "Ya Elburgon?"

"Yako niliisoma ilivyo."

"Nitajuaje?"

"Huwezi kujua," akasema.

"Basi sitakupa karatasi yangu tena," nikasema, na nilisema kwa sauti, ili wote wasikie. "Na mwenye akili hapa asikupe yake."

Nilisikia kasha la miwani likifungwa, gazeti likikunjwa, na hatua zake zikienda mpaka langoni. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata. Tulisikia amehamia shambani kwake Njoro. Mwezi mzima hatukuwa na msomaji, na waliokuja baadaye hawakudumu; watu wakameza dawa kwa kukisia, na bibi wa Kaptembwo alikuja mara mbili na kurudi na barua yake bila kusomwa. Hakuna aliyenilaumu waziwazi. Waliniuliza tu, "Sasa tutafanyaje?" na swali hilo lilinichosha kuliko matusi.

Unaweza kuuliza kwa nini sikumpa mtu mwingine ile barua aisome, nijue moja. Wenzangu wa kwaya wangeisoma kwa dakika mbili. Sikutaka. Kama alinidanganya, basi dada yangu alikufa akinichukia, na hilo nilitaka nisilisikie kwa mdomo wa mtu. Afadhali nisijue. Nikakaa hivyo miaka sita, nusu nikiamini, nusu nikikataa, na sanduku nikalisukuma chini ya kitanda.

Kisha zikaja simu zinazoongea. Shirika lilituletea mwalimu, dada mmoja kutoka Naivasha, naye haoni, mcheshi, mwenye vidole vyepesi. Alitufundisha kushika simu juu ya karatasi, kiasi cha shubiri moja na nusu, kubonyeza, na kungoja. Simu inasoma. Wiki ya kwanza nilisoma kila kitu ndani ya nyumba: pakiti ya unga, chupa ya sabuni, bili ya maji, maandishi nyuma ya kalenda. Sauti ya simu ni ya mwanamke asiye na kwao, anatamka Kiswahili kama mtu anayekanyaga mawe, lakini anasoma. Na nilijua karatasi gani nilikuwa naizunguka. Simu haina huruma, ndiyo maana niliiogopa. Haiwezi kukaa nawe kwenye benchi, lakini pia haiwezi kukuonea imani.

Ilikuwa Jumamosi mchana, nimetoka mazoezi ya kwaya. Nilifunga mlango, nikavuta sanduku, nikatandaza barua mezani na kuilainisha mikunjo kwa kiganja. Nikapima shubiri na nusu. Nikabonyeza.

"Mdogo wangu," simu ikasema. "Siku la umu tena."

Nikaizima. Labda niliitikisa simu, picha ikaharibika. Neno lilelile nililolitaka ndilo lililovunjika. Niliketi kitandani nikaambiwa na akili yangu mambo mengi. Kisha nikajiambia, mwanga. Mwalimu alisema mwanga. Nikabeba meza yote mpaka dirishani, nikafungua pazia, nikasikia joto la jua juu ya mkono wangu, nikatandaza karatasi tena pale penye joto. Nikashikilia pumzi ili simu isitikisike.

"Mdogo wangu. Sikulaumu tena. Nilijua macho yako yanakwenda."

Ilisoma yote. Kikombe kilikuwepo. Uji ulikuwepo. "Kukubali kwamba huoni kulinishinda mimi kuliko wewe," ikasema, kwa ile sauti yake ya kukanyaga mawe, na lilikuwa neno la dada yangu, aliyeacha shule darasa la saba na bado akalipata peke yake. Mtoto na ndugu zake walikuwepo. Mvua ilikuwepo. Niliisomesha simu mara nne. Kisha nikapika ugali mkubwa, na mayai mawili, nikala wote, nikalala mchana huo usingizi mzito ambao sikuwa nimeupata tangu sijui lini.

Nilipoamka, kitu cha kwanza nilichokumbuka ni sauti yangu mwenyewe pale verandani.

Katibu wa shirika alinielekeza nyumbani kwa Msomaji. Jumanne nikaenda Njoro na fimbo yangu, na mwenye bodaboda akanishusha langoni. Nilisikia kuku, na mtu akiburuta kitu kizito kwenye nyasi kavu.

"Nani?" akauliza. Sauti ilikuwa imechakaa kidogo, lakini ilikuwa yake.

"Ni mimi. Wa sweta."

"Hilo naona. Nauliza umekuja na nani."

"Peke yangu."

"Kuna kiti mbele yako. Hatua tatu. Kidogo kushoto."

Nikaketi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri tangu asubuhi, na yote yakapotea, nikamwambia tu kama yalivyotokea. Nikamwambia kuhusu simu, kuhusu dirisha, kuhusu ugali. Nikamwambia kwamba nilimsema mbele ya watu, na kwamba watu walikosa msomaji kwa ajili yangu, na kwamba nimekuja kuomba msamaha. Alikuwa hajajibu ngurumo ilipopiga upande wa msitu wa Mau.

"Ngoja," akasema. "Mahindi yako nje, na binti yangu ameenda kusaga posho mill."

"Yako wapi?"

"Kwenye turubai, hapo mbele. Lakini wewe kaa."

Sikukaa. Niliifuata harufu ya mahindi makavu, nikapiga magoti, nikaanza kukusanya kwa mikono miwili kuelekea katikati. Yeye alishika upande wa juu wa turubai akawa ananiita, "Huku, huku, bado kuna mengi kona ya chini." Upepo ulikuwa umefika. Tulikunja pembe nne, yeye mbili na mimi mbili, tukaburuta ule mzigo kwenye nyasi, yeye akiguna na mimi nikiguna, mpaka chini ya paa la veranda yake. Matone ya kwanza yalinipiga mgongoni tukiwa tunamalizia. Kisha mvua ikaja yote, juu ya mabati, na tukaketi sakafuni mwa veranda, migongo ukutani, tukihema kama watu waliokimbizwa.

Baada ya muda akasema, kwa sauti kubwa ili iishinde mvua, "Simu ilisema, 'kulinishinda mimi kuliko wewe'? Hayo hasa?"

"Hayo hasa."

"Haikusema kitu kingine mahali hapo?"

"Mara nne ilisema hivyo hivyo."

Nilimsikia akiegemeza kichwa ukutani. "Nilikuwa sijui tena," akasema. "Nikuambie ukweli. Siku ulipouliza, nilikuwa na hakika. Nilipofika hapa, hakika ikaanza kuniponyoka. Mwaka wa pili nikaanza kufikiri labda sentensi ile niliiweka mimi. Ilikuwa nzuri mno. Nilijiambia, kama uliweza kumfanyia mzee, ulishindwa nini kumfanyia huyu? Nimeamka na hiyo asubuhi nyingi."

Sikuwa nimefikiri kwamba na yeye alikuwa amekaa na barua ile miaka yote hiyo.

"Na ya mzee?" nikamwuliza. "Kwa nini?"

"Kortini nilitafsiri hukumu miaka mingi. Mtu anasimama kizimbani hajui Kizungu, hajui Kiswahili, ananitazama mimi, na mimi ndiye ninayemwambia kwa lugha ya mama yake kwamba hatarudi nyumbani. Neno kwa neno. Sikuwahi kulegeza hata moja. Halafu huyu mzee, kabla sijafungua karatasi, ananiuliza, 'Anakuja?' Nikafungua, nikaona. Mdomo ukasema ndiyo." Akakung'uta vumbi la mahindi mikononi. "Nilikosea. Ilikuwa barua yake, haikuwa yangu. Lakini nikikwambia kwamba ningerudi leo ningesoma tofauti, sina hakika."

"Alikufa na furaha," nikasema.

"Najua. Hilo halinisaidii kama unavyodhani. Linanisaidia kidogo."

Akasema msamaha hakuna wa kuomba, maana sikuwa na njia ya kujua, na mtu asiye na njia ya kujua ana haki ya kuuliza kwa sauti anayotaka. Nikamwambia bado naomba. Akasema basi amepokea, na akavuta pumzi ndefu ambayo ilichukua muda kuisha.

Mvua ilipopungua alianza kuuliza habari za watu, mmoja mmoja, kwa majina yao kamili ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau. Nikamjibu nilichojua. Nikamwambia simu zimechukua nusu ya kazi, lakini zinashindwa na mwandiko wa madaktari, zinashindwa na karatasi zilizolowa, na wazee wengi hawazitaki, wanasema sauti ile inawagombeza.

"Siku hizi mnaanza saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne. Watu wamezeeka."

"Saa nne ni sawa." Alisimama, nikasikia mifupa yake ikilia. "Shida ni barabara kubwa pale mjini. Goti hili halikimbii tena, na wenye pikipiki hawamngoji mtu."

"Nitakungoja steji," nikamwambia. "Utanishika hapa juu ya kiwiko, na tutavuka pamoja. Pikipiki zinaiona fimbo."

Akafikiri. Nilidhani atasema hapana.

"Kiwiko cha kushoto au cha kulia?" akauliza.

"Cha kushoto. Kulia nashika fimbo."

"Sawa," akasema. "Alhamisi, basi. Saa tatu na nusu, ili tusichelewe."